Umbali wa Mnara kwa Pembe Mbili na Saa ya Mkononi

Mnara wa taa ukijitokeza mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, upande wa kulia, dira inaweza kukuonyesha uko upande gani, lakini haiwezi kukuambia uko mbali kiasi gani. Macho nayo ni shahidi dhaifu katika kesi hii, kwani mnara huohuo huonekana karibu hewa ikiwa safi na huonekana mbali ukungu mwembamba ukitanda, na usiku taa kali iliyo mbali hudhaniwa kuwa taa hafifu iliyo jirani. Hata hivyo, kwa anayesafiri kando ya pwani, umbali ndilo swali lenyewe, kwa sababu ramani ya bahari haisemi kwamba miamba iko "karibu na rasi". Inaonyesha kwamba miamba imetokeza, tuseme, maili moja kutoka mnarani, na ni juu yako kujua kama utapita ndani au nje ya maili hiyo.

Chombo ninachosafiria kina GPS, tena mbili, na sina ugomvi nazo. Lakini umeme wa chomboni hukatika, mawimbi ya setilaiti huweza kuingiliwa, na kioo kinachokuonyesha mahali ulipo bila kukutaka uinue macho hukufanya uwe abiria katika chombo chako mwenyewe. Kwa hiyo nimejizoeza, kila ninapopita alama yoyote ya pwani iliyomo kwenye ramani, kuutafuta umbali wake kwa njia ya zamani, ambayo haihitaji zaidi ya pembe mbili, saa ya mkononi na kasi ya chombo. Nimeipenda njia hii, na vilevile imeniaibisha mara moja mbele ya nahodha wangu, na habari ya aibu hiyo nitaifikia.

Kwanza nieleze pembe ninayoizungumzia. Uelekeo wa kawaida wa dira hupimwa kutoka kaskazini, lakini pembe tunayoitaka hapa hupimwa kutoka omo ya chombo chenyewe: kitu kilicho mbele kabisa kina pembe ya sifuri, kilicho ubavuni kina pembe ya digrii 90, na kilicho nyuma kabisa kwenye tezi kina digrii 180. Wapo wanaohesabu mzunguko mzima kwa kwenda kulia, kutoka 0 hadi 360, na wapo wanaohesabu hadi 180 tu kila upande huku wakitaja rangi, nyekundu kwa kushoto na kijani kwa kulia, kama zilivyo taa za ubavuni za chombo. Mimi ni wa kundi la pili, kwa sababu ukisema "kijani 45" hakuna anayegeuza shingo upande usio wake. Katika maelezo haya nitaiita pembe ya omo.

Msingi wa njia yote ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa jiometri amewahi kulisoma, kisha akalisahau kwa kuwa hakuliona likifanya kazi. Chora mstari wa njia yako. Mahali fulani kwenye mstari huo unaupima mnara na kuupata kwenye pembe ya omo ya digrii 30. Unaendelea mbele bila kugeuza usukani, na pembe inazidi kukua, kama inavyokua kwa kila kitu unachokikaribia na kukipita. Ikifika digrii 60, yaani mara mbili ya ile ya kwanza, unaangalia saa. Sasa una pembetatu yenye ncha tatu: mahali ulipopimia kwanza, mahali ulipopimia mara ya pili, na mnara. Pembe ya ndani iliyoko mnarani ni tofauti ya zile mbili ulizopima, nayo ni digrii 30, sawasawa na pembe ya mwanzo. Pembetatu yenye pembe mbili zilizo sawa ni pembetatu pacha, na pande zake mbili zinazozikabili pembe hizo ni sawa kwa urefu. Upande mmoja ni mwendo ulioukata kati ya vipimo viwili. Wa pili ni umbali kutoka ulipo hadi mnarani. Kwa hiyo mwendo uliokata ndio umbali wako kutoka mnarani wakati wa kipimo cha pili.

Mwendo wenyewe unapatikana kwa saa. Noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852. Chombo kinachokwenda noti 6 hukata maili moja kila dakika 10, ndiyo maana nitatumia kasi hiyo katika mifano yangu yote. Kwa kasi nyingine yoyote, kumbuka kwamba dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, hivyo ukihamisha nukta ya desimali ya kasi yako hatua moja tayari umepata maili za dakika 6. Kama kutoka digrii 30 hadi 60 umetumia dakika 30, umekata maili 3, na mnara uko maili 3 kutoka ulipo. Karatasi na kalamu hazijahitajika.

Jozi iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya digrii 45 na 90. Mabaharia waliotumia dira iliyogawanywa katika sehemu 32, kila sehemu ikiwa digrii 11 na robo, waliiita kwa hesabu ya sehemu 4, kwa kuwa sehemu 4 ni digrii 45. Uzuri wake ni kwamba pembe zote mbili hukadirika kwa urahisi, na umbali unaoupata ni ule wa ubavuni, ambao katika maji yaliyotulia ndio umbali mfupi kuliko wote utakaokuwa nao kutoka kwa alama ile. Ubaya wake, na hapa natofautiana na wanaoifundisha kama ndiyo mwanzo na mwisho wa somo, ni kwamba inakupa jibu wakati alama iko ubavuni tayari. Kama jibu ni kwamba umeisogelea mno, jibu hilo limekukuta ukiwa juu ya miamba ileile uliyotaka kuikwepa. Ni njia nzuri ya kuandika kwenye kitabu cha safari mahali ulipopita. Si njia nzuri ya kuamua utapita wapi.

Wanaotaka kuonywa mapema hutumia 30 na 60. Ukishapata umbali wakati wa digrii 60, zidisha kwa saba, gawanya kwa nane, na matokeo ni umbali utakaokuwa nao mnara ukifika ubavuni. Katika mfano wetu wa maili 3, utaupita kwa takriban maili 2.6, na utaufikia ubavu baada ya nusu ya muda ulioutumia kati ya vipimo viwili, yaani dakika 15. Saba ya nane si namba kamili. Ni mkato wa 0.866, ambayo wanahisabati wanaiita saini ya digrii 60 (saini isiyo na uhusiano wowote na ile unayoiweka mwishoni mwa barua). Tofauti ni ndogo kuliko kosa la jicho lako. Vilevile ipo jozi ya 22.5 na 45, ambayo mwendo wake unauzidisha kwa saba na kuugawanya kwa kumi.

Jozi ninayoitumia mimi ni nyingine: digrii 26 na nusu, kisha 45. Watu wengi wakiisikia kwa mara ya kwanza huona ni ya ajabu, kwa sababu 45 si mara mbili ya 26 na nusu, na nusu ya digrii inaonekana kama mzaha chomboni. Lakini ina sifa ambayo hizo nyingine hazina: mwendo unaokata kati ya pembe hizo mbili ndio umbali utakaoupita mnara ubavuni, bila kuzidisha wala kugawanya, na unaujua wakati mnara bado uko mbele yako kwa mwendo uleule. Ukitumia dakika 20 kwa noti 6, umekata maili 2, utaupita mnara kwa maili 2, na bado una maili 2 za kwenda kabla haujafika ubavuni. Una dakika 20 nyingine za kubadili mawazo.

Sababu yake haihitaji saini wala tanjenti, na nilipoielewa ndipo nilipoacha kuogopa ile nusu ya digrii. Fikiria mnara kama kitu kilicho mbele kiasi fulani na pembeni kiasi fulani. Kwenye digrii 45, umbali wa mbele na umbali wa pembeni ni sawa, moja kwa moja. Kwenye digrii 26 na nusu, umbali wa mbele ni mara mbili ya ule wa pembeni, mbili kwa moja. Umbali wa pembeni haubadiliki maadamu unakwenda kwa mstari mmoja. Unaopungua ni ule wa mbele tu, na umepungua kutoka mbili hadi moja. Ulichokata, basi, ni moja, nayo hiyo moja ndiyo umbali wa pembeni.

Maelezo hayo ndiyo yaliyonipa alama zangu za chomboni. Ninasimama mahali pamoja palepale, mgongo ukiwa umeegemea mlingoti, na ukingo wa kulia uko kiasi cha mita moja na nusu kutoka katikati ya chombo. Nilipima kwa kamba mita moja na nusu kwenda mbele kutoka usawa wa kifua changu, nikatia doa la rangi nyeupe kwenye ukingo: hiyo ni digrii 45. Nikapima mita tatu kwenda mbele, nikatia doa jingine: hiyo ni 26 na nusu, mbili kwa moja, nalo ndilo ninaloliita doa la kwanza kwa kuwa mnara hulifikia kwanza, na lile la 45 ni la pili. Kisha nikatia la tatu kwa mita 0.75, ambapo mbele ni nusu ya pembeni; hiyo ni digrii 63 na nusu, na kazi yake itaonekana baadaye. La nne liko moja kwa moja ubavuni. Upande wa kushoto nilifanya vivyo hivyo. Tangu siku hiyo kupima pembe kwangu ni kuegemea mlingoti na kungoja mnara ukae juu ya doa. Ukisogeza kichwa sentimita chache doa linahama, kwa hiyo mgongo usibanduke mlingotini. Na usikubali mtu mrefu kuliko wewe akupimie kutoka mahali pengine halafu mkabishana.

Asiye na madoa atumie dira ya mkononi. Apime uelekeo wa mnara, asome uelekeo wa omo kwenye dira ya usukani, atoe mmoja kwenye mwingine. Omo ikiwa kwenye 350 na mnara kwenye 020, ongeza 360 kwenye 020, upate 380, toa 350, mnara uko kijani 30. Kwa kuwa pembe ni tofauti ya namba mbili, tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli inajifuta yenyewe, kwani imo katika zote mbili. Kisichojifuta ni kosa ambalo chuma cha chombo hulitia kwenye dira ya usukani, kwa sababu dira ya mkononi iliyoinuliwa mbali na injini hailipati kosa hilohilo.

Jambo moja limewashinda wengi kuliko hesabu, nalo ni mkono wa mshika usukani. Pembe ya omo hutegemea omo, na omo inayumba. Kama wimbi limeisukuma kushoto kwa digrii 5 wakati unaposema "sasa", umesoma digrii 5 zaidi kwenye mnara wa kulia. Ndiyo maana anayepima humwambia anayeshika usukani ajiandae, na mshika usukani hujibu kwa sauti kila omo inapopita kwenye uelekeo uliokusudiwa: "Imekaa... imekaa..." Kipimo huchukuliwa kwenye moja ya "imekaa" hizo.

Pembe ndogo za mwanzo ni mtego. Kanuni ya kuongeza pembe mara mbili ni kweli kwa 10 na 20 kama ilivyo kweli kwa 45 na 90, na kijana aliyejifunza kanuni juzi hufurahi kuupata umbali mapema namna hiyo. Lakini kosa la digrii moja katika kipimo cha kwanza cha jozi ya 10 na 20 hukuharibia umbali kwa takriban asilimia 18, ilhali kosa hilohilo kwenye 45 na 90 hukuharibia kwa asilimia 3 na kitu. Jozi yangu ya 26 na nusu na 45 imesimama katikati, karibu asilimia 8. Hiyo ndiyo bei ya kuonywa mapema, na naona ni bei inayolipika, ila chini ya digrii 20 siupimi mnara wowote isipokuwa kwa kujifurahisha.

Alama nayo iwe kitu chembamba chenye mahali pake kwenye ramani. Ukingo wa rasi iliyo mviringo haufai, kwa sababu kadiri unavyoizunguka ndivyo ukingo unaouona unavyohama, na unajikuta umepima sehemu mbili tofauti ukidhani umepima moja. Boya ni afadhali kidogo, lakini boya huhama mnyororo wake ukiburutwa. Mnara, minara ya mawasiliano, na mwamba mmoja uliosimama peke yake, hizo ni alama.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Ilikuwa usiku, maji yakijaa, tukienda noti 6 kwa kipima mwendo, na mnara wa taa upande wa kulia. Wakati huo bado nilikuwa mfuasi wa 45 na 90. Saa 4:10 mnara ulikuwa kwenye 45. Saa 4:40 ulikuwa ubavuni. Dakika 30, maili 3, hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo.

"Nahodha, mnara uko maili 3," nikasema.

Nahodha hakugeuka. "Washa rada, mwanangu, uangalie."

Rada ikaonyesha maili 2.5. Nikasema huenda nimekosea kupima. Akaniuliza nilipima nini, nikamjibu kwamba nilipima pembe kutoka omo. "Basi hujakosea kupima," akasema. "Umepima omo inakoangalia. Hujapima sisi tunakokwenda."

Mkondo wa maji yaliyokuwa yakijaa ulikuwa ukitusukuma kuelekea nchi kavu kwa noti 1. Mwanzoni mnara ulikuwa maili 3 mbele na maili 3 pembeni. Katika nusu saa tulikwenda maili 3 mbele kwa nguvu ya injini, kama nilivyohesabu, na papo hapo tukasogezwa nusu maili kando kwa nguvu ya maji, jambo ambalo omo haikulionyesha hata kidogo kwa kuwa chombo kilisogea chote kizima, omo na tezi pamoja. Tatu kutoa nusu ni mbili na nusu. Pembetatu yangu haikuwa na kosa lolote, ila haikuwa pembetatu ya safari yetu.

Tangu hapo ninaugawa mkondo katika sehemu mbili akilini, unaokwenda sambamba na njia na unaoikata njia, kwa kuwa madhara yake hayafanani. Mkondo unaokuja usoni hukufanya uamini kwamba umekata mwendo mrefu kuliko ule uliokata: kipima mwendo kinahesabu maji yanayopita chini ya chombo, na maji yanapita kwa wingi, lakini chini yake ardhi inapita polepole. Kwa noti 6 dhidi ya mkondo wa noti 1, nusu saa ni maili 2.5 za kweli wakati wewe umeandika 3, na mnara uko karibu kuliko unavyodhani. Mkondo unaokusukuma kutoka tezi hufanya kinyume: umeandika 3, kweli ni 3.5, uko mbali kuliko unavyodhani, na kosa la namna hiyo halizamishi chombo. Mkondo unaokata njia kukupeleka nchi kavu ni wa hatari kama ule wa usoni, na ule unaokuvuta bahari kuu hauna madhara kwa upande huo. Upepo wa ubavuni unaokiteleza chombo pembeni huhesabiwa pamoja na mkondo unaokata njia, hasa kwa chombo cha tanga. Kama jedwali la mikondo linakupa namba, zitumie: badala ya kasi ya majini weka kasi ya juu ya ardhi, na badala ya pembe kutoka omo weka pembe kutoka njia unayoifuata kwa kweli.

Lakini jedwali la mikondo hukadiria, na mara nyingi ukiwa kando ya pwani hujui mkondo una nguvu gani saa hiyo. Hapa ndipo doa la tatu la ukingoni linapoingia kazini. Kwenye 26 na nusu mnara uko mbele mara mbili ya umbali wake wa pembeni. Kwenye 45 uko mara moja. Kwenye 63 na nusu uko nusu. Kutoka mbili hadi moja ni moja, kutoka moja hadi nusu ni nusu. Kwa hiyo, kama chombo kinakwenda kule omo inakoangalia, muda wa kutoka doa la pili hadi la tatu lazima uwe nusu ya muda wa kutoka la kwanza hadi la pili. Ukiwa mfupi kuliko nusu, unasukumwa kuelekea mnara. Ukiwa mrefu kuliko nusu, unavutwa kuuacha. Mkondo wa usoni au wa nyuma hauonekani kwa mtihani huu, kwa sababu hurefusha au hufupisha sehemu zote mbili kwa kiasi kilekile na kuuacha uwiano wake palepale. Mtihani unafichua ule unaokata njia, na huo ndio ambao usiku huna namna nyingine nyepesi ya kuuona.

Miezi kadhaa baadaye tulipita alama nyingine ya namna ileile, usiku tena, kwa kasi ileile ya noti 6, na ramani ikionyesha miamba hadi maili moja kutoka mnarani. Mnara ulikaa kwenye doa la kwanza saa 4:05 na kwenye la pili saa 4:25. Dakika 20, maili 2, tutaupita kwa maili 2: nafasi ya kutosha, na zamani ningefunga kitabu hapo na kwenda kutafuta chai. Nikaandika saa 4:35 kwa penseli kando ya doa la tatu, kwa kuwa nusu ya 20 ni 10, nikaegemea mlingoti.

Saa 4:32 mnara ulikuwa juu ya doa. Nikadhani nimesogea, nikarudisha mgongo mahali pake, nikamwita mshika usukani. Akajibu kwamba imekaa. Ulikuwa juu ya doa kweli, na ukaanza kulivuka nikiwa naangalia. Dakika 7 badala ya 10, kwa noti 6, maana yake ni mkondo wa karibu noti 1 ukitusogeza nchi kavu, na ukirudi kwenye karatasi na mkondo huo unakuta kwamba mnara ulikuwa umebakiza maili 1.2 tu pembeni mwetu wakati huo, na kwamba tungeendelea na omo ileile tungeupita kwa maili 1.1, si 2. Kati yetu na miamba zingebaki mita chini ya mia mbili.

"Nahodha, nageuza digrii 20 kwenda nje."

"Kwa nini?"

"Doa la tatu limewahi kwa dakika 3."

Akatazama saa yake, akasema, "Geuza."

Omo ilipotulia mnara ulikuwa kwenye kijani 83. Vipimo vya zamani havifai kitu baada ya kugeuka, kwa kuwa pembetatu yake ilikuwa ya njia nyingine, kwa hiyo nilivikata kwa mstari mmoja kitabuni na kuandika saa mpya. Ulipofika ubavuni rada ilionyesha maili 1.3, na nikaendelea kusubiri digrii 135, kwa sababu kutoka 90 hadi 135 nako mwendo unaokatwa ni sawa na umbali wa ubavuni, na nilitaka kuona kama mkondo bado uko pale.